Paja la nguruwe kilo 6.2 lenye mfupa: chumvi kiasi gani, siku ngapi, moshi wa mti gani?

Mfugaji_Njoro

Hamjambo wadau. Nguruwe anachinjwa Alhamisi na paja moja la nyuma nataka liwe hemu: lilowe kwenye maji ya chumvi, lipigwe moshi, liive, likatwe vipande vyembamba vya mkate. Likishakatwa muundi litabaki kama kilo 6.2, mfupa na ngozi zikiwemo.

Vifaa: friji ya kawaida ya nyumbani (ndoo ya lita 20 inaingia nikitoa rafu mbili), sufuria kubwa ya alumini, mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja, pipa la chuma la lita 200, na makaa. Chumvi ni ile ya mezani ya dukani.

Kila ninayemuuliza chumvi kiasi gani ananijibu "tia mpaka yai lielee". Hicho ni kipimo kweli? Pili, shura ni ya lazima au ni ya kupamba rangi tu? Agroveti wana potasiamu nitreti, na magadi yapo jikoni. Je, kimojawapo kinafaa? Inakaa siku ngapi majini? Kuni zilizopo ni mkaratusi, saipresi na matawi ya mparachichi. Na stima huku hupotea bila kuaga, kwa hiyo nielezeni pia hilo.

Chumvi_Kwanza (Nakuru)

Nianze na magadi na agroveti, kwa sababu hapo ndipo mtu huumia.

Magadi ni kaboneti ya sodiamu. Yanalainisha maharagwe na mboga za kienyeji, basi. Hayana nitriti (kemikali inayohifadhi nyama) hata chembe. Ukiyatia kwenye nyama utapata utelezi na ladha ya sabuni. Potasiamu nitreti ya agroveti ndiyo shura kweli, lakini ile ni mbolea, haikusafishwa kwa ajili ya chakula. Na hata ingekuwa safi, nitreti yenyewe haifanyi kazi mpaka bakteria waigeuze kuwa nitriti. Ndani ya friji jambo hilo huenda polepole na huwezi kulipima. Shura ilifaa kwa mapaja ya zamani yaliyoning'inia miezi kadhaa. Lako ni la wiki mbili.

Unachotafuta ni chumvi ya nitriti: asilimia 93.75 chumvi ya kawaida, asilimia 6.25 nitriti ya sodiamu, kwa kawaida imetiwa rangi ya waridi ili mtu asiichanganye na ya mezani. Waulize wanaowauzia watengenezaji wa soseji viungo. Chumvi ya Himalaya nayo ni ya waridi lakini haihusiani kabisa. Soma lebo, tafadhali, maana ipo aina nyingine inayotumika sana Ulaya yenye nitriti asilimia 0.5 hadi 0.6, na hiyo hutiwa *badala ya chumvi yote*. Ukichanganya aina hizi mbili mambo yanaharibika vibaya: ukiweka ile ya 6.25 mahali pa chumvi yote, nitriti inakuwa mara kumi ya inayotakiwa, na hiyo ni sumu. Nitriti tupu isiyochanganywa na chumvi isiingie jikoni kwako kabisa.

Je, ni ya rangi tu? Hapana. Rangi ya waridi na ile ladha ya hemu ni yake, ndiyo, lakini kazi kubwa ni kumzuia bakteria wa botulizimu (sumu kali ya chakula), ambaye hupenda mahali pasipo na hewa na penye uvuguvugu. Katikati ya paja lenye unene wa sentimita 15, ndani ya pipa la moshi, ni mahali hapo hasa.

Yai sasa. Yai bichi huanza kuelea maji yakiwa na chumvi kama asilimia 10. Yai la wiki tatu lina hewa zaidi ndani, linaelea mapema. Unapima umri wa yai, hupimi chumvi. Na hata ukilipata sawa, maji ya asilimia 10 yanakulazimisha kukisia siku: ukichelewa kulitoa, paja haliliki kwa chumvi.

Tumia mzani. Jumlisha nyama na maji, kisha piga hesabu ya asilimia juu ya jumla hiyo. Paja kilo 6.2, maji lita 6 (kilo 6), jumla kilo 12.2:

chumvi yote, asilimia 2.5: gramu 305
chumvi ya nitriti (6.25), asilimia 0.25: gramu 30.5
sukari, asilimia 1: gramu 122

Ndani ya zile gramu 30.5 tayari mna chumvi ya kawaida gramu 28.6, kwa hiyo ya mezani unayopima ni gramu 276. Nitriti inatoka miligramu 156 kwa kilo, ndicho kiwango cha kawaida cha aina hii ya kazi. Paja likiwa zito au jepesi kuliko ulivyokisia, piga hesabu upya, usikadirie. Pima kwa gramu, kamwe si kwa kijiko: kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito mmoja.

Uzuri wa njia hii ni kwamba chumvi ikishasawazika kati ya nyama na maji haina pa kwenda zaidi. Ukilisahau siku tatu juu ya mpango, ladha ni ileile.

Lita 6 hazitafunika paja kwenye ndoo ya lita 20. Usiongeze maji. Jaza nafasi kwa chupa za nusu lita zilizojaa maji na kufungwa vizuri, sita au nane, nje zimeoshwa kwa sabuni. Hizo haziingii kwenye hesabu. Zikiwa zimegandishwa, zinapoza pia.

Kisha sindano, na hili usiliruke. Hemu huozea mfupani, haiozei juu. Chumvi inaingia kutoka nje polepole, huku kando ya mfupa bakteria hawamsubiri mtu. Nunua sindano ya mifugo ya mililita 50, mpya, na sindano nene (geji 16). Iliyowahi kubeba dawa haifai hata ikichemshwa. Chuja maji ya chumvi kwa kitambaa ili pilipili manga isizibe tundu, halafu dunga mililita 620, yaani sehemu moja kwa kumi ya uzito wa nyama, ukiyachota kwenye yaleyale maji yaliyopimwa. Nusu yake iende kuzunguka kichwa cha mfupa wa paja pale unapoingia kwenye nyonga. Inayobaki igawe pande zote mbili za mfupa kuteremka hadi gotini. Sukuma polepole huku ukivuta sindano nje. Ukisukuma kwa nguvu mahali pamoja utaona uvimbe, na maji yatarudi yalikotoka.

Siku: 12 hadi 14, nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Ligeuze kila baada ya siku mbili. Juu ya nyuzi 4 bakteria wanakushinda. Chini ya 2 chumvi inakwenda kwa kusuasua. Bila sindano usitoe kabla ya siku 24, na bado nisingeweka dau.

Muhuri_wa_Nyama

Mwenzangu amesema vizuri, lakini ameanzia ndooni. Hemu huharibika Alhamisi, kabla ya ndoo.

Nguruwe alale usiku mmoja bandani akiwa na maji, bila chakula cha saa 12 hivi. Yule anayefungwa miguu akaletwa kwa bodaboda akipiga kelele njia nzima, kisha akachinjwa papo hapo, nyama yake inatoka nyeupe, laini, inatiririka maji. Hiyo haishiki maji ya chumvi: utadunga mililita 620 na kukuta 300 zimerudi kwenye ndoo. Na yule aliyechoka kwa muda mrefu mpaka akamaliza nguvu zote misulini, nyama yake huwa nyeusi, ngumu, yenye kunata. Asidi haikupanda ndani yake, kwa hiyo huoza haraka. Hizo mbili zipikwe mchuzi. Dume asiyehasiwa pia usimtilie kazi ya wiki mbili, harufu yake hutoka ukilipasha paja moto.

Mkaguzi wa nyama awepo na muhuri ugongwe. Tegu wa nguruwe si hadithi kwetu. Watafiti wamemkuta kwenye nguruwe wa Busia na Homa Bay, hasa wanaoachwa kuzurura. Vifuko vyake ni vyeupe, vina maji ndani, ukubwa kati ya punje ya mchele na harage dogo, na hupenda ulimi, moyo, bega na paja. Ulimi kuwa safi si uthibitisho kwamba paja ni safi. Ukiona hata kimoja, nyama nzima ni ya mkaguzi kuamua, si yako. Maji ya chumvi ya asilimia 2.5 hayamuui tegu kwa kutegemewa, na moshi haumuui. Anakufa kwa joto la kuiva, au kwa kugandishwa: siku 4 nyama ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri hadi katikati, siku 3 ikiwa 15 chini ya sifuri. Paja zima lichukulie wiki moja ndani ya friza, kwa sababu katikati huchelewa.

Baada ya kuchinja, joto la mwili ni nyuzi 38 au 39. Unataka kando ya mfupa pafike nyuzi 4 ndani ya saa 24. Friji ya nyumbani inahangaika na mzigo huo. Kata paja mapema, litenge peke yake, liweke juu ya waya bila kulifunika wala kugusa ukuta, na uweke chupa za barafu pembeni. Usilitie kwenye maji ya chumvi likiwa na joto ukidhani yatalipoza. Choma kipimajoto kando ya mfupa kabla ya kudunga; kikisoma 9, subiri.

Na paja lililoning'inia dirishani kwa bucha tangu asubuhi, hata liwe na muhuri mara tatu, si la kazi hii.

Mama_Nguru (Kakamega)

Yangu ni machache, ya jikoni.

Sufuria ya alumini usiitumie kulowekea. Chumvi inaitoboa vitobo vidogo na maji yanageuka ladha ya bati. Ndoo ya plastiki iliyokuja na mafuta ya kupikia inafaa. Ya rangi ya ukuta haifai. Ndoo ya mabati isikaribie kabisa, zinki inayeyuka ndani ya chumvi.

Badala ya sukari nyeupe tia sukari nguru, gramu zilezile. Inakupa rangi nzuri ya kahawia ikikutana na moshi. Lakini nguru ina takataka za miwa, kwa hiyo chemsha kwanza na lita mbili kati ya zile sita, engua povu, chuja. Viungo vichemke humohumo: karafuu 8, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, tangawizi kavu kidogo. Kitunguu saumu kibichi usitie, wiki mbili ni nyingi kwake. Sufuria ikitoka motoni ndipo ujaze maji yaliyopungua, uyeyushe chumvi ya mezani, upooze mpaka nyuzi 4, na mwisho kabisa chumvi ya nitriti.

Siki na ndimu hapana. Asidi ikikutana na nitriti inaitoa kama gesi, hewa inakuwa na ukali, na dawa yako imeruka.

Dunga_Moshi (Kisumu)

Watu wengi huku wanajua moshi wa samaki, mbuta na kamongo, na wanafikiri hemu ni samaki mkubwa. Samaki amepasuliwa, ni mwembamba, na moto mkali unamkausha. Paja halikauki. Moshi wa saa 5 unaingia milimita chache tu, na ngozi inazuia hata hizo. Kwa hiyo moshi ni ladha na rangi. Uhifadhi umeshafanyika ndooni.

Pipa kwanza. Lililobeba juisi au mafuta ya kula ni sawa; la dawa za shamba au la oili chafu achana nalo hata ulichome wiki nzima. Lolote utakalopata, washa moto mkubwa ndani mpaka rangi yote ibanduke. Fundi wa jua kali atoboe matundu matatu ya milimita 25 chini, kila moja na kifuniko cha kuteleza, na bomba la moshi la sentimita 7 hivi juu ya kifuniko. Waya wa ndani usiwe wa mabati. Weka bati jeusi au sufuria kuukuu yenye mchanga kati ya moto na nyama, sentimita 25 juu ya makaa, vinginevyo mafuta yanadondoka, moto unaruka, na upande mmoja unakuwa mkaa.

Kuni: mparachichi ndio huo, umejaliwa. Mpera ni mzuri kuliko wote kwa maoni yangu, mwembe unafuata. Magunzi ya mahindi makavu hutumiwa na Wamarekani kwa hemu na Nakuru hayakosekani, ila chagua yasiyo na ukungu. Mkaratusi una mafuta yake, nyama itanuka dawa ya kifua. Saipresi na msonobari vina utomvu, vinatoa masizi machungu. Kwa sababu hiyo vumbi la mbao la bure kutoka kiwanda cha mbao usilichukue, karibu lote ni miti hiyo. Vipande vya nguzo za stima au mbao zilizotiwa dawa ni sumu, hakuna mjadala. Tawi liwe limekauka miezi sita, ukubwa wa ngumi, gome limetolewa.

Siku ya moshi: litoe paja, lisuuze kwa maji baridi, lifute, liache ndani ya friji bila kifuniko usiku mmoja. Uso uwe mkavu na unanata kidogo kidoleni. Uso wenye maji hauchukui moshi, unachukua masizi, na utaona michirizi myeusi. Kisumu, hewa ikiwa nzito jioni, hilo ndilo kosa la kwanza.

Tandaza makaa baridi kilo 2.5, juu yake weka makaa kumi yaliyowaka. Yataambukizana polepole. Saa ya kwanza bila kuni, kifuniko wazi kidogo, nyuzi 50 hadi 60, paja likauke. Kisha vipande viwili vya mparachichi kila dakika 40, nyuzi 75 hadi 85, saa 4 au 5. Moshi unaotoka bombani uwe mwembamba, unaoelekea ubuluu. Ukiwa mweupe mzito kama wa shambani, moto hauna hewa: fungua tundu chini, *usifunge bomba juu*. Kuloweka kuni majini kunaleta moshi huohuo mbaya, acha.

Mwisho, panda hadi nyuzi 110 mpaka ndani isome 70. Jumla saa 8 hadi 9.

Jambo la pembeni: kama pipa hilo au waya huo hutumika pia kukaushia samaki wa kuuza, tenganisha vyombo na uwaambie wateja. Wapo wasiokula nguruwe na wana haki ya kujua.

Chumvi_Kwanza (Nakuru)

Nakubaliana na Dunga hadi pale pa nyuzi 110. Kwenye pipa la makaa joto hilo haliko sawa: chini ni 130, juu ni 95, na kufika 70 katikati ya paja lenye mfupa, nyama ya nje inakuwa imekauka kama kuni zenyewe. Joto la ndani likifika 60 na kitu, jasho la nyama linalipoza na linakaa hapo saa nzima au zaidi. Mtu anachoka, anachochea, anaunguza.

Mimi nashauri: moshi saa 5, kisha lihamishie sufuriani. Hapa alumini inaruhusiwa, ni saa chache tu. Maji nyuzi 80, yenye chumvi gramu 20 kwa lita ili yasinyonye ya nyama, yafunike paja lote, yasichemke. Litachukua saa mbili na nusu hadi tatu kufika 68 hadi 70. Maji yakichemka misuli inajikunja na hemu inapasuka kando ya mfupa, ukikata inabomoka.

Kipimajoto kichome kwenye mnofu mnene, karibu na mfupa bila kuugusa. Kikigusa mfupa kinakudanganya.

Na kabla hujakitupa ukidhani kibovu: Nakuru ni mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kipime kwenye bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo. Hapo kisome 0.

Dunga_Moshi (Kisumu)

Sufuria inaosha moshi. Nusu ya harufu inabaki kwenye maji.

Chumvi_Kwanza (Nakuru)

Sehemu, si nusu. Na maji hayo ni supu ya maharagwe ya kesho. Lakini sawa, mwenye pipa lenye bati la kuzuia moto na subira ya kuangalia saa 9 afanye lako. Kwa anayeanza, sufuria haikosei.

Mfugaji_Njoro

Ahsanteni sana. Paja liliingia Ijumaa jioni, kilo 6.2 kamili, kando ya mfupa nyuzi 3. Chumvi ya nitriti ni ile ya 6.25, nimepima gramu 30 na 276. Leo ni siku ya sita. Jana stima ilipotea kwa muda wa saa 9. Maji sasa ni nyuzi 6 na ukiyachota kwa kijiko yanavutika kama bamia. Hayanuki vibaya, yananukia karafuu. Nitupe?

Muhuri_wa_Nyama

Usitupe bado. Ule mvutiko ni bakteria wanaokula sukari. Joto likipanda kidogo wao hufurahi, na nguru huwapa karamu. Pima kwa pua na kidole. Litoe paja, lisuuze, bonyeza kwenye kichwa cha mfupa na goti. Kisha chukua sindano ndefu ya kufumia au waya wa chuma cha pua, uchemshe, uchome mpaka mfupani, uchomoe, unuse mara moja. Ikinuka nyama ya chumvi, mfupani hakujaoza. Ikinuka uchachu, jibini au mayai mabovu, lote liende shimoni. Huwezi kukata upande mbaya ukaokoa mwingine, uozo wa mfupani unafuata mishipa.

Rudia kwenye maeneo matatu, na uchemshe waya kila mara.

Mfugaji_Njoro

Nimechoma mara tatu. Nyonga, katikati, goti: inanuka chumvi na karafuu tu. Juu ni utelezi, ukisuuza unatoka.

Chumvi_Kwanza (Nakuru)

Basi mwaga maji yote, osha ndoo na chupa kwa maji ya moto na sabuni, tengeneza mapya. Angalia hesabu hapa, watu hukosea: nyama tayari imekunywa sehemu ya chumvi na nitriti, kwa hiyo usirudie gramu 305 zote. Maji mapya yawe na kiwango unachotaka mwishoni, basi: lita 6, chumvi yote asilimia 2.5 ya maji hayo tu, yaani gramu 150, na ndani yake chumvi ya nitriti gramu 15 (mna chumvi ya kawaida 14, kwa hiyo ya mezani ni 136). Sukari acha kabisa safari hii. Paja litatoka na chumvi pungufu kidogo ya tulivyopanga, halitafika pabaya. Baridi mpaka 3 kabla ya kulirudisha, siku 8 zaidi.

Kuhusu stima: chupa nane zilizogandishwa ziwe friza muda wote, tayari. Stima ikipotea, badilisha zile za ndooni mara moja, funga friji, usifungue kuchungulia. Zikipita saa 6, badilisha tena. Barafu ya magunia ya kuhifadhia samaki ni sawa kuzungushia ndoo kwa nje, lakini isiingie ndani, si ya kuliwa. Na rekebisha friji iwe baridi zaidi sasa. Kama maji yalikuwa 6 na stima imerudi tangu jana, friji yako imewekwa kwenye joto la juu mno.

Mama_Nguru (Kakamega)

Na kabla ya moshi kata kipande kidogo pembeni, kaanga, uonje. Chumvi ikiwa pungufu utakula na haradali, si msiba.

Mfugaji_Njoro

Sawa. Swali la mwisho: likishaiva, linakaa muda gani? Na rangi nitajuaje imeingia?

Muhuri_wa_Nyama

Ukikata, uso wote uwe wa waridi mpaka mfupani. Ukikuta duara la kijivu katikati, nitriti haikufika hapo. Kwa kuwa imeiva hadi 70 na hainuki, ni nyama ya nguruwe ya kawaida, ile upesi, na safari ijayo dunga vizuri. Mng'ao wa kijani na zambarau kama wa mafuta juu ya maji, unaobadilika ukigeuza kipande kwenye mwanga, ni mwanga tu unaopinda kwenye nyuzi za misuli. Ukijani usiobadilika, wenye utelezi, ni uharibifu.

Likitoka motoni litundike penye upepo bila nzi saa moja, kisha friji bila kulifunika mpaka lipoe hadi ndani. Kukata ni kesho yake. Likiwa moto litachanika na kupoteza maji. Zima lakaa friji siku 7 hadi 10, lililokatwa siku 4 au 5. Friza mwezi mmoja, miwili kwa shida: chumvi huharakisha mafuta kuchacha hata kwenye baridi. Usilitundike jikoni kama mapaja ya Parma. Yale ya Italia hukaa zaidi ya mwaka, yamekaushwa kwa chumvi peke yake kwenye vyumba vya baridi na hewa iliyopimwa. Lako lina maji, ni la friji.

Mfupa tia kwenye maharagwe. Ukishachemshwa, uzike au uchome. Usirudi bandani kwa nguruwe wengine, wala ngozi, wala maji ya kusuuzia. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havimdhuru mtu, lakini huishi ndani ya nyama ya chumvi kwa miezi, na banda zima linaweza kwisha kwa sababu ya makombo.